Dude Lisilotumwa na Mtu

Kazi ya Mudathir ilikuwa kuwasemea watu wasiomjua. Kila alasiri alikaa kwenye kiti cha chuma kando ya televisheni, katika banda la video la Albano huko Mbagala, akashika kipaza sauti na kuwageuza Wamarekani, Wachina na Wahindi kuwa Waswahili. Sauti ya mkanda ilipunguzwa hadi ikabaki mnong'ono. Polisi wa New York aliongea kama balozi wa nyumba kumi. Jambazi wa Hong Kong alitukana kwa lafudhi ya Tandika. Watu walilipa kiingilio zaidi kwa kumsikia yeye kuliko kwa kuitazama picha. Albano alilijua hilo, ingawa hakuwahi kulitamka mbele yake.

Kabla ya hapo Mudathir alikuwa karani wa ghala katika kiwanda cha nguo cha umma. Kiwanda kilipoanza kupunguza wafanyakazi ili kipate mnunuzi, yeye alipunguzwa. Alirudi nyumbani na Kiingereza cha kidato cha nne, koo zuri, na kipaji cha kuiga sauti ambacho mpaka siku hiyo kilikuwa kimemletea makaripio tu. Albano, mtu wa Mahenge aliyenunua televisheni na jenereta mara biashara za namna hiyo ziliporuhusiwa, alimsikia akimwigiza mnadi wa mitumba sokoni, akamchukua.

Alichokielewa katika mkanda alikitafsiri. Asichokielewa alikibuni. Alikuwa na kanuni moja: mtazamaji asitoke nje na swali. Kanuni hiyo ilimfaa katika filamu za ngumi na za mapenzi. Ilimponza siku ulipoletwa mkanda wa dude.

Mkanda huo ulitoka Kariakoo bila jalada. Ulikuwa nakala ya nakala, picha imejaa chenga, rangi zimechuja. Hadithi yake haikuwa ngumu kusimulia. Katika mji mmoja wa baridi, wachimba madini walifika chini kuliko ilivyofaa, wakatoboa paa la mahali palipolala kitu kilichokuwapo kabla ya watu. Wakazi wa mji wakaanza kuimba usingizini, wote wimbo mmoja usio na maneno. Kisha dude likaamka. Halikuwa na uso. Kamera haikulionyesha zima hata mara moja. Ilionyesha kivuli kikipita juu ya mapaa, na nyumba zikilala kama majani yaliyokanyagwa. Mwishoni likaondoka, na mtaalamu mmoja mwenye ndevu akasema maneno machache. Mudathir aliyasikia vizuri, akaona hayawezi kumfurahisha mtu, akayaacha.

Alasiri ya kwanza, dude lilipokuwa juu ya mnara wa kanisa, swali lilitoka benchi la nyuma. Aliyeuliza alikuwa Nassibu, fundi baiskeli wa mtaa uleule, mtu asiyekosa onyesho.

"Nani kalituma?"

Lilikuwa swali la haki. Kwa watu waliokaa bandani, kitu cha namna hiyo hakijiendei tu. Jini lina mwenyewe. Lina jina, lina linachokitaka, na yuko mtu mwenye kinyongo aliyeliagiza kwa jirani. Ukishamjua huyo, umepata nusu ya dawa. Wengine wakalidaka swali la Nassibu, wakataka jibu. Mudathir aliitazama skrini. Hapakuwa na aliyelituma. Palikuwa na kikongwe wa Kizungu tu, amesimama dirishani, anatazama nje, hasemi kitu, na baada ya muda wa kuvuta pumzi hakuonekana tena. Mudathir akampa sauti.

Sauti ilikuja yenyewe. Kikohozi kikavu kwanza, kisha "mwanangu wee" iliyovutwa, kisha neno la mwisho likashushwa taratibu kama mtu anayefunika chungu. "Mwanangu wee, nenda. Ukishiba, rudi nyumbani."

Banda likaangua kicheko. Mtu mmoja akasema kwamba huyo ni Bi Hija, wallahi, Bi Hija mtupu. Mudathir, kwa kuwa kicheko cha watu ni kitamu, akaendelea. Kila dude lilipotokea, kikongwe alilituma upya, hata pale ambapo hakuwapo kwenye picha.

Bi Hija alikuwa mwenye nyumba wake. Alikuwa mjane aliyekwisha kuingia uzeeni, mzaliwa wa pwani hii hii, na sauti yake Mudathir aliisikia kila siku kupitia ukuta. Mtaa ulimjua kwa kitu kimoja: pilau. Hapakuwa na harusi, arobaini wala maulidi yaliyopikiwa chakula bila yeye kusimama penye masufuria. Wengine walikoroga, wengine walichochea moto, lakini kifuniko hakikufunuliwa mpaka yeye aseme. Hakuwa na mtoto aliye hai. Alikuwa na sehemu hiyo ya kusimama, na kila mwenye shughuli alimwendea mapema kumwomba.

Mkanda ulirudiwa wiki baada ya wiki kwa sababu watu waliudai. Katika kurudiwa huko kicheko kilibadilika. Watoto, ambao hawakuruhusiwa kuingia, walisikiliza nje ya magunia yaliyoziba madirisha, wakaushika ule wimbo usio na maneno. Wakauimba kisimani, wakauimba wakiruka kamba. Mama mmoja akamsikia mwanawe akiuimba usingizini, tena ana homa. Habari ikatembea. Wanawake ambao hawajawahi kukanyaga bandani wakasimuliwa na waume zao kwamba kuna dude, kuna wimbo, na kuna bibi analituma, na bibi huyo anakohoa vilevile. Msimuliaji akicheka, msikilizaji hakucheka. Watoto wakaanza kuvuka upande wa pili wa njia wakifika mbele ya nyumba ya Bi Hija. Baadaye wakavuka na mama zao.

Kisha ikaja harusi ya Najat, binti wa Nassibu. Bi Hija alikuwa amempokea Najat siku ya kuzaliwa, na alishaanza kuulizia mchele. Mke wa Nassibu, Rukaiya, akatuma salamu kwamba safari hii Bi Hija apumzike, amefanya kazi nyingi, atakuja mpishi kutoka Temeke. Bi Hija aliipokea salamu hiyo barazani. Alimshukuru aliyeileta. Siku chache baadaye alimwita Mudathir, akamwambia atafute chumba kwingine, kwa kuwa harusi ikipita nyumba itapangishwa yote na yeye atakwenda Kilwa kwa kaka yake.

"Baba," alimwambia, "wewe watembea na watu. Hebu niambie, nimewakosea nini hawa?"

Hakuwa amewahi kuingia kwenye banda la video maishani mwake. Mudathir alijibu kwamba hajui, akatoka nje akiwa hana pa kuyaweka macho.

Katika nyumba ile alikuwamo mpangaji mwingine, Mwalimu Demetria, mtu wa Bukoba aliyefundisha Kiingereza sekondari. Alikuwa mwanamke wa maneno yaliyopimwa. Aliwahi kuja bandani mara moja, siku ya mkanda huohuo, akatoka kabla haujaisha. Mudathir alimfuata barazani akamweleza yote, kisha akamtajia kwa Kiingereza maneno ya yule mtaalamu mwenye ndevu, akamwomba amthibitishie maana yake. Demetria aliyasema kwa Kiswahili bila kusita: Halikutuchukia. Halikujua kama tupo.

Akamweleza kwamba filamu ile hakuwa ameiona kabla, lakini hadithi alikuwa anaifahamu. Chuoni kulikuwa na rafu ya vitabu vya Marekani vilivyotolewa msaada, na ndani yake mkusanyo wa hadithi za zamani, zilizoandikwa kwa ajili ya magazeti ya bei rahisi kabla ya vita vya Hitler. Waliozitunga hawakupata utajiri wala heshima. Walisimulia vitu vikubwa vilivyolala chini ya bahari na nyuma ya nyota, vyenye umri mkubwa kuliko dunia, ambavyo kwao binadamu ni kama sisimizi njiani. Watunzi walikufa, magazeti yakageuka ya kufungia karanga, na hadithi hazikufa. Wachoraji wa katuni walizichukua. Watengenezaji filamu walizichukua, na wengine walichukua kutoka kwa hao bila kujua zilikotoka. Wapiga muziki wa magitaa ya kelele waliziimba. Sasa zimefika Mbagala bila jalada.

Mudathir aliuliza kwa nini zidumu hivyo, ikiwa hata aliyezitunga hakumbukwi.

"Hadithi za majini zinasema yuko mtu anakuchukia," Demetria alisema. "Inatisha, lakini pia inafariji kidogo. Mtu anayekuchukia anakujua. Hizi zinasema hakuna anayekujua. Mimi nasali, siamini hivyo. Hata hivyo nilipozisoma nilifunga dirisha."

Akafikiri, kisha akaongeza jambo ambalo Mudathir hakulitarajia. Alisema kwamba hata wale watunzi walishindwa kuiacha nafasi ile wazi. Hadithi ilipodai kwamba dude halijali mtu, wao walilitafutia watumishi: mabaharia weusi, wageni wa bandarini, watu wa visiwa vya mbali wanaocheza ngoma porini. "Watu kama mimi na wewe, Mudathir. Waliogopa dunia tupu, lakini waliwaogopa jirani zao zaidi. Wewe umefanya kosa lilelile, tofauti ni kwamba mtu wako anaishi ukuta wa pili."

Kesho yake Mudathir alimwambia Albano kwamba ataondoa sauti ya bibi. Albano hakukasirika. Alimweleza kwa upole, kama mtu anayemwelewesha mgonjwa, kwamba watu hawaji kutazama chenga, wanakuja kumsikia bibi. Bibi akitoka watadai fedha zao. Mudathir akasema basi aonyeshe mkanda mwingine. Albano akasema mkanda mwingine haujazi benchi. Mudathir alipoambiwa hivyo aliona njia iliyobaki ni moja, na hakuomba ruhusa tena.

Jumapili banda lilifurika. Nassibu alikuwa benchi lake la nyuma. Mkanda ukaanza, wachimbaji wakachimba, wimbo ukaanza, na baadhi ya watazamaji wakaufuatisha midomo ikiwa imefungwa. Kikongwe akatokea dirishani. Banda lote likatulia kumsubiri. Mudathir hakusema kitu. Kikongwe akapita.

"Mudathir, bibi vipi?" mtu aliuliza. "Kalala?"

Mudathir akasema kwenye kipaza sauti kwamba yule bibi hakuwahi kusema neno. Katika mkanda mzima hana sauti. Ile aliyompa ilikuwa ya mwenye nyumba wake, aliichukua bila kumwuliza kwa sababu inachekesha, na dude halina anayelituma.

Nassibu akapaza sauti kutoka nyuma. "Kakusamehe kodi nini?"

Watu wakacheka sana, na kwa kitambo ilionekana kwamba kicheko kitamaliza kila kitu. Mudathir akangoja kipungue. Akaendelea kutafsiri, mara hii neno kwa neno, bila utani, bila lafudhi ya mtu yeyote. Wakaanza kuguna. Mmoja akadai fedha yake. Hapo ndipo Albano alipotoka nje kwa ukali na kuzima jenereta. Skrini ikafifia hadi ikawa kitone, na kipaza sauti kikafa.

Kwa kawaida jenereta ikizimika watu walipiga miluzi na kumtukana mwenye banda. Safari hii Mudathir alikuwa bado anazungumza, kwa sauti yake mwenyewe, ambayo wengi hawakuwa wameisikia. Mtu wa pembeni akavuta gunia dirishani. Mwanga wa alasiri ukaingia, ukaonyesha vumbi na nyuso.

Aliwasimulia mwisho bila picha. Akasema dude lilipita juu ya mji. Halikumtafuta mtu. Lililala chini ya ardhi kabla hajazaliwa babu wa babu wa yeyote, likaamka paa lake lilipotobolewa, na ule mji ulikuwa umejengwa juu yake kama mchwa wanavyojenga juu ya mzizi. Watu walipiga magoti, lakini halikuwa na masikio. Walitoa vitu vyao vya thamani, lakini halikuwa na linachokitaka. Walitafutana uchawi, wakamchoma moto mwenzao mmoja, na dude halikujua hata hilo. Likanyanyuka, likaenda zake. Hakuna aliyeliita na hakuna aliyelifukuza.

"Sasa aliyechomwa?" Nassibu aliuliza. Hakuwa anatania tena.

"Alichomwa bure."

Kipande hicho hakikuwamo katika mkanda. Mudathir alikibuni palepale, na baadaye hakuona sababu ya kujilaumu kwa hicho.

Nassibu akauliza tena, taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya dawa: kama halina aliyelituma, mtu atamwendea nani? Mudathir alisema hajui. Alikuwa amevunja kanuni yake, na watu wote walikuwa wanatoka nje na swali. Hakuna aliyedai fedha tena. Wengi hawakuondoka moja kwa moja. Walisimama mlangoni, wakasubiriana, wakaenda kwa makundi, ingawa jua lilikuwa bado juu na kila mmoja alijua njia ya kwao.

Albano alimwachisha kazi jioni hiyo, bila matusi. Wiki iliyofuata akamleta kijana wa Keko aitwaye Marselino, mwenye sauti nene, na mkanda ukaonyeshwa tena. Mudathir alisikiliza akiwa nje, karibu na magunia. Marselino alikuwa amelipata jibu lake: dude lilitumwa na yule mtaalamu mwenye ndevu, ili mji ukimbiwe naye achukue madini peke yake. Banda lilipiga makofi. Lilikuwa jibu zuri, na Mbagala hapakuwa na Mzungu mwenye ndevu wa kuonewa. Hata hivyo Mudathir aliondoka akijiuliza kama mkanda huo haupo pia katika banda jingine, mji mwingine, ambako mtu wa namna hiyo anakaa peke yake mwisho wa mtaa.

Kwa Bi Hija mambo hayakubadilika siku hiyo wala siku iliyofuata. Watu walianza kumsalimu kwa mbali, kwa haraka, kama wanaolipa kitu. Sanduku lake lilikuwa limefungwa, limesimama sebuleni. Mudathir alimwendea ili amwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu. Akamkuta amekaa mkekani, akamwamkia, akakaa, akasema yote, tangu kikongwe wa dirishani hadi jenereta.

Bi Hija alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, akataka kusimuliwa habari za dude lenyewe. Mudathir akamsimulia.

"Likija, linajua kama mie nipo?"

"Halijui, Bi Hija. Hata likikukanyaga halijui."

Akayafikiri maneno hayo kwa utulivu, kama mtu anayeonja chumvi.

"Basi hilo halinitishi," akasema. "Mie nimepitiwa hapa mlangoni na watu wanaonijua jina, na la mama yangu wanalijua, nimewapokea watoto wao kwa mikono hii, wasinipe hata salamu. Wao wanajua kama nipo. Dude lako lina adabu kuliko wao."

Bi Hija akamtazama.

"Na hiyo sauti yangu, ulipata nini nayo?"

"Kicheko, Bi Hija."

"Ungeniomba. Ningekupa maneno mazuri zaidi ya hayo ya kushiba na kurudi nyumbani."

Alikuwa bado hajacheka wala hajanuna wakati sauti ya mwanamke iliposikika mlangoni ikipiga hodi. Wote wawili waliitambua. Ilikuwa ya Rukaiya. Mudathir akataka kunyanyuka, Bi Hija akamwashiria akae.

Hodi ikapigwa tena. Nje palisikika kandambili zikihama kutoka mguu hadi mguu. Nyumba za pale hubishwa hodi mara tatu. Isipoitikiwa ya tatu, mgeni anaondoka, na hana haki ya kurudi kuuliza kwa nini. Rukaiya alilijua hilo, kwa hiyo alikawia kabla ya kuipiga ya mwisho. Bi Hija naye alitulia, mikono magotini, uso umeelekea sanduku. Mudathir aliona kwamba anahesabu jambo fulani, na kwamba hesabu hiyo si ya leo.

Hodi ya tatu ilikuja chini sana, karibu na kuomba.

"Karibu," Bi Hija akasema.

Rukaiya akaingia, akavua viatu, akaamkia shikamoo akiwa bado amesimama, macho sakafuni. Mpishi wa Temeke, alieleza kwa kigugumizi, amepata udhuru. Bi Hija alijua, na Mudathir alijua, kwamba mpishi wa Temeke hakuwa na udhuru wowote. Shikamoo ilikuwa bado inaning'inia bila kuitikiwa. Bi Hija aliiacha hapo kwa muda aliouona unatosha, kisha akaichukua.

"Marahaba," alisema. "Mchele mmenunua wa wapi?"

Rukaiya akautaja.

"Huo unavunjika. Mkaurudishe kabla duka halijafungwa."